Mtamba wa Rozalia

Mwaka 1983 lori la kahawa lilipinduka kwenye mteremko wa Oldeani, na binti yangu Rozalia alikuwa amekaa juu ya magunia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Daktari alinieleza bila kuficha: kamba ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo imekatika, na hakuna mtu duniani anayejua kuiunga.

"Ila wapo watafiti huko Ulaya wanaotafuta njia," alisema. "Kazi yao inategemea michango."

Nilishika hayo maneno ya mwisho. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini, kwenye darasa la usiku la vibarua wa shamba, nami huamini kwamba lisilojulikana leo litajulikana mtu akikaa akalisoma. Niliandika tangazo la kuomba michango kwa mkono wangu. Nikalisoma kanisani, kisha mnadani Karatu.

"Kornelio," jirani yangu Alfonsi alinitania mbele ya watu, "sisi zahanati hatuna, wewe unawachangia Wazungu?"

"Namchangia Rozalia."

"Basi sema Rozalia! Utafiti ndio nini?"

Watu wakacheka, wakatoa. Alfonsi naye alitoa.

Habari zilipanda hadi Ngorongoro kwa Sankale, mfugaji ambaye kwa miaka mingi hupitia kwangu akienda mnadani. Alishuka kwa miguu siku mbili, akiswaga mtamba mweupe.

"Huyu ni wa Rozalia," alisema. "Tangu leo mimi na wewe hatuitani majina. Niite Pakiteng, nami nitakuita Pakiteng."

Ndivyo Wamaasai wanavyoitana wakishapeana ng'ombe. Nilimshukuru sana. Wiki iliyofuata nikampeleka mtamba mnadani, fedha nikamkabidhi daktari azitume, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Sankale alikuja tena baada ya mvua. Alimkuta Rozalia kwenye kiti mlangoni, anachambua maharage. Alimgusa kichwani kumsalimu, kisha akatazama zizini.

"Pakiteng, mtamba yuko malishoni?"

"Nilimuuza. Kwa ajili ya utafiti."

Aliliacha zizi, akanigeukia.

"Kornelio," akasema, "huyu mtoto hatatembea. Nimeona ng'ombe wengi walioanguka korongoni, mgongo uliovunjika naujua. Nilimletea mtamba ili hapo alipokaa awe na maziwa, awe na ndama, na ndama wa ndama. Siku wewe ukifa, asiombe mtu."

Mikono ya Rozalia ilisimama juu ya ungo.

"Baba, hukuniambia kwamba ni wangu."

"Nilitaka utembee."

"Na mimi nilitaka."

Sankale aliondoka bila kunywa chai. Rozalia alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya mahindi.

"Hao watafiti," aliniuliza, "wamesema itachukua muda gani?"

Jibu lao lilikuwa limefika mwezi uliopita, nami nilikuwa nimelificha chini ya godoro.

"Huenda miaka thelathini. Huenda zaidi."

"Waandikie. Waambie waendelee, wako wengine. Ila mimi wasinihesabu."

Nilileta kalamu, nikaandika mbele yake, kisha nikamsomea. Alinisimamisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika, "kwa sasa msimhesabu."

"Futa 'kwa sasa', Baba."

Nikafuta.