Slaidi Arobaini na Moja

Mabruki wa Isevya alianza kuinamia hadubini ya hospitali pale Tabora, akisaka vijidudu katika damu za wagonjwa, mwaka hamsini na mbili, Waingereza wangalipo. Madaktari walikuja wakaondoka, yeye akabaki na meza yake karibu na dirisha. Akiandika "hakuna", basi hakuna, na mgonjwa alifungasha virago akarudi kwao.

Kisha akaletewa Ng'washi, binti wa wafugaji wa Lusu, aliyetoka masomoni Dar es Salaam. Mabruki ndiye aliyemfundisha kulitandaza tone la damu kwenye slaidi mpaka liwe jembamba kama ngozi ya kitunguu. Alimpenda kama mwanawe, hadi binti alipoanza kuona asichokiona yeye.

Mwaka sabini na nne familia nyingi za Urambo zilihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kando ya msitu wenye mbung'o. Haukupita muda, warina asali wakaanza kuletwa hospitali wakiwa na homa, wakisinzia mchana kweupe. Mabruki alitazama damu zao mara moja tu, akaandika "hakuna". Ng'washi hakuridhika. Aliwaomba wabaki apime tena asubuhi ya pili na ya tatu, na waliokwisha kuondoka akawafuata kwa treni. Watu arobaini na mmoja ambao Mabruki aliwaona safi, walipopimwa tena, walikutwa na vijidudu vya malale, ambavyo siku nyingine hujificha visionekane kwenye damu.

Ng'washi akayaandika hayo pamoja na Daktari Tobias, na mwezi Agosti mwaka uliofuata wakaipeleka makala London, kwenye jarida la tiba. Daktari akahamishiwa Mwanza. Ng'washi akabaki akingoja jibu.

Mabruki ndiye aliyekwenda posta kuchukua barua za hospitali. Kila alasiri binti alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Kuna chochote?"

"Marahaba. Magazeti tu."

Kila alipojibu hivyo, moyo wake ulipoa kidogo, na kupoa huko kukamtia aibu. Miaka ishirini na mitatu! Nani aliwahi kumwambia yeye andika? Na huyu wa juzi, aliyekuja hajui hata kushika slaidi, jina lake lisomwe Ulaya!

Nyumbani alinung'unika mpaka mkewe, Zamda, akaweka chini bakuli la mchuzi.

"Mume wangu, kama unataka kumwoa huyo Msukuma, sema nijue."

"Nimwoe? Simpendi hata kumwona!"

"Mtu usiyempenda humtaji mara saba kabla hujanawa mikono."

Mwezi Machi barua ikaja. Bahasha nene, stempu ya malkia, jina la Ng'washi limepigwa chapa. Mabruki aliitia ndani ya kanzu, akaenda nayo nyumbani, akaifungua gundi yake kwa mvuke wa birika.

Makala ilikuwa imependwa. Lakini mkaguzi mmoja alikuwa na shaka: pengine msomaji wa kwanza wa slaidi hakuwa makini. Slaidi za siku ya kwanza zisomwe upya na mtu mwingine, na jibu lifike ndani ya siku tisini. La sivyo, makala ingehesabiwa imeondolewa. Ndani mlikuwa na nakala ya makala yenyewe, na sentensi moja imepigiwa mstari kwa penseli. Ng'washi alikuwa ameandika kwamba msomaji wa kwanza ana jicho bora kuliko la waandishi.

Mtu mwingine angelainika. Mabruki alizidi kuwaka. Hata sifa amenipa kwa Kiingereza, aliwaza, nisizisikie, niwe ngazi ya yeye kupandia. Akaifungia barua kwenye droo yake ya maabara.

"Kuna chochote, mzee?"

"Magazeti tu."

Wiki zikapita, binti akakonda. Hata hivyo neno la mkaguzi lilimkwama Mabruki kama mwiba wa samaki. Hakuwa makini? Yeye? Jumamosi moja mchana, maabara ikiwa imefungwa, alilifungua sanduku la Ng'washi, akaanza kuzisoma upya slaidi za siku ya kwanza. Hakukusudia kumsaidia mtu. Alitaka tu kumshinda yule Mzungu.

Ilimchukua Jumamosi tatu. Thelathini na tisa zilikuwa safi kweli, na kila moja ilimnyoosha mgongo. Mbili hazikuwa safi. Katika moja, kwenye ukingo ambao siku ile hakujisumbua kuufikia, kilikuwepo kijidudu kimoja, kimejikunja kando ya chembe ya damu. Akasoma karatasi ya slaidi: Ngollo, mrina asali, Urambo.

Alimkumbuka. Alikuwa mtu wa kucheka, aliyefungasha virago kwa furaha akaenda zake aliposikia "hakuna". Wiki tatu baadaye Ng'washi alimkuta kwao hawezi kumaliza sentensi bila kusinzia, na kabla ya masika akafa. Siku zote Mabruki alijiambia kuwa damu ya Ngollo ilikuwa safi siku ile, na ajali haina kinga. Sasa alikaa pale akitazama, akifuta jicho, akitazama tena.

Jumatatu alimwita Ng'washi, akamwekea mezani barua na zile slaidi mbili.

"Hizi nilizikosea. Moja ni ya Ngollo. Thelathini na tisa ni kama ulivyoandika."

Ng'washi hakuzigusa slaidi. Alitazama tarehe ya barua, midomo ikihesabu.

"Siku sitini na mbili, mzee."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kukosea slaidi, kila mtu hukosea. Lakini kila siku nilikuuliza, na kila siku ukanitazama usoni."

"Wivu," alisema Mabruki.

Binti alizichukua barua na slaidi, akatoka. Siku hiyohiyo alipiga simu ya maandishi London, kueleza kuwa jibu linaandaliwa. Lukumani, msomaji wa hospitali ya misheni, alizisoma slaidi zote upya, akapata hesabu ileile: thelathini na tisa safi, mbili zilikosewa. Jibu lilifika zikiwa zimebaki siku nne.

Jarida lilifika Januari mwaka sabini na saba. Ng'washi aliwaonyesha wauguzi, akamwonyesha mfagizi, akawaonyesha hata wagonjwa wa barazani. Mabruki alikuwa wa mwisho. Alilipokea kwa mikono miwili. Jina la Ng'washi lilikuwa juu kabisa, na kuliona kulimchoma palepale pa zamani. Chini, ndani ya jedwali, zile mbili zilikuwa zimeandikwa kama zilivyo.

"Naomba nende nalo nyumbani," alisema, "Zamda alione."

"Lisomee hapahapa, mzee," akasema Ng'washi, akabaki amesimama akingoja arudishiwe.

Mabruki akavaa miwani, akaanza kusoma.