Hesabu ya Karani Adalbert

Madeni yalimganda Kalaba kama viroboto. Mshahara wake wa fundi wa reli haukuwa mbaya kwa Élisabethville ya miaka ile ya hamsini, lakini mtu anayekopa baiskeli, kisha redio, kisha suti ya Pasaka, mshahara gani utamtosha? Mwenye duka alishatamka: mwezi ukiisha bila malipo, anachukua cherehani ya Virginie, mke wa Kalaba. Na kwa cherehani hiyo ndiyo nyumba ilikuwa inakula.

Basi Kalaba akaenda kwa Adalbert, karani mstaafu aliyeweka meza nyumbani kwake kuwasaidia waliozidiwa na madeni, kwa ada ndogo na Kifaransa kingi.

"Taja madeni yote," Adalbert akasema.

"Kuko ya duka, bwana karani. Na mwezi huu mushahara yangu yote ni ya Mwape, mwenzangu wa kazi."

"Yote? Juu ya nini?"

"Njo likilimba. Mwezi moja yeye ananipatia yake, mwezi ingine miye namupatia yangu."

"Mwezi yenye ilipita, nani alipata?"

"Ni miye."

"Na ulisha kula?"

"Nilisha."

"Voilà! Ile iko dette, deni, tena njo kubwa. Ile uiache kwanza. Lipa duka, Mwape atangojea."

Kalaba alikuna kichwa. Deni lina mdai, na Mwape hajawahi kumdai kitu tangu waanze kazi pamoja. Halafu, kama leo yeye ni mdaiwa wa Mwape, mwezi ujao si Mwape atakuwa mdaiwa wake? Nani basi anamdai nani? Kila alipoigeuza hesabu ilimpa jibu jingine. Lakini aliyesema ni msomi, tena amelipwa.

Siku ya mshahara akapitia dukani, akalipa. Cherehani ikapona. Akarudi nyumbani anapiga mluzi, akamkuta Mwape mlangoni, shati limepigwa pasi. Alishapatana na dereva wa lori la samaki wakavu amletee mkewe Edith na watoto kutoka Pweto. Lori lilikuwa linaondoka kesho.

Kalaba akamweleza kwa maneno ya Adalbert, akijikwaa kila mahali.

"Dette?" Mwape akauliza. "Miaka yote ile, weye na miye tulikuwa tunakopeshana tu?"

"Karani njo anasema hivi."

Mwape hakugomba. Angegomba, ingekuwa afadhali. Alimuaga Virginie kwa heshima kupitia dirishani, akaenda zake.

Virginie alikuwa amesikia yote. Akatoka na cherehani kichwani.

"Unaenda wapi na ile mashini?"

"Kwa shemeji Mwape. Atauzisha, atalipa lori."

"Lakini ile mashini njo tulikuwa tunaokoa! Deni ya duka imeisha!"

"Umurudilie karani wako, akufanyie hesabu ingine."

Akashika njia, shingo imenyooka. Kalaba alibaki mlangoni. Dukani hadaiwi tena hata senti, na hajawahi kujiona mdaiwa kama jioni ile. Hakujua amzuie mkewe au ampokee mzigo. Mwishowe akamfuata nyuma, mikono mitupu.