Asetoni ya Mama Nice

Shule haikuwa na asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, kwa hiyo Nice alileta chupa kutoka saluni ya mama yake pale Maji ya Chai. Mwalimu Melkizedeki, aliyemaliza chuo mwaka huo huo, alimshukuru mbele ya darasa zima.

Alidondosha formalini kwa dropa kwenye dawa ya fedha, akaipasha moto, na testitubu ikang'aa ndani kama kioo cha kujitazamia.

"Formalini ni aldehidi," alisema. "Asetoni ni ketoni, haiwezi kufanya hivi. Haya Nice, tuonyeshe."

Nice alidondosha asetoni kwenye testitubu nyingine yenye dawa ya fedha, akaipasha moto, nayo ikang'aa.

"He! Mama yako anawauzia watu nini kule saluni?" Melkizedeki alitania.

"Asetoni feki!" Oscar akadakia. "Ndiyo maana kucha za dada yangu zinabanduka!"

Darasa likaangua kicheko. Nice aliinamisha kichwa, na Melkizedeki akaiona dropa mkononi mwake. Ni ile ile aliyodondoshea formalini, akampa binti bila kuisuuza. Uso ukamwaka moto. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Nyamazeni," alisema. "Kosa ni langu. Sikuosha dropa."

Aliisuuza, akarudia jaribio mwenyewe. Safari hii testitubu haikung'aa.

"Umeona, Nice? Asetoni ya mama ni safi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwalimu," Nice alijibu, akiifunga chupa na kuitia mkobani. "Ila nairudisha. Mama aliitoa kwa sababu nilikusifu."