Siku Trekta ya Mukuka Ilipounguruma Tena

Bwembya alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba ya mjomba wake, akichuja dizeli kwa kipande cha kitenge kuukuu. Dizeli yenyewe ilikuwa chafu, lakini mwaka ule wa sabini na sita hakuna aliyeuliza usafi wa dizeli pale Nchelenge, kando ya ziwa. Aliyeipata alimshukuru Mungu na kufunga mdomo, asije akaulizwa kaipata wapi. Tangu mpaka wa kusini ufungwe na bei ya shaba ianguke, sabuni ilikuwa adimu, mafuta ya kupikia adimu, na vipuri vya trekta watu walivizungumzia kama walivyozungumzia marehemu. Bwembya aliendesha lori la samaki la mtu mwingine, na debe hili alilipata kwa kukubali kufanya kazi Jumapili bila malipo.

Trekta ilisimama mbele yake, ya kijivu, magurudumu ya mbele yamemezwa na majani. Mjomba wake, Mukuka, aliinunua kwa Mgiriki mmoja mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akiikimbia Kasenga vurugu zilipoanza Kongo, kabla haijaitwa Zaire. Mukuka alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika migodi ya Katanga. Alirudi nyumbani na vitu viwili vilivyowafanya majirani waache kazi zao ili watazame: trekta, na mke wa ng'ambo ya ziwa aitwaye Emilienne, aliyevaa viatu hata akienda kuteka maji. Ndiyo maana nyumba hiyo, katikati ya watu wa Kibemba waliokijua Kiswahili cha sokoni tu, ilizungumza Kiswahili mpaka leo.

Emilienne alitokeza mlangoni. Siku hizi hakuwa na viatu.

"Iko nakuita," alisema.

Ndani, Mukuka alikuwa ameegemezwa kwa mto. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Hospitalini waliwaambia ni moyo, dawa imekwisha, warudi mwezi ujao, na huo mwezi ujao ulikuwa umeshapita.

"Itawaka?"

"Itawaka, Bayama," Bwembya akajibu. Bayama ndivyo alivyomwita mjomba huyu tangu alipoanza kusema.

"Florent, mwenye atanunua trekta, anarudia Kilwa ya Zaire leo magaribi. Akishavuka, hatutamuona tena upesi. Na mi siko na siku za kungoja." Alipumzika kidogo ili pumzi imrudie. "Nikikufa, ile trekta haiko tena ya Emilienne na batoto. Ni yako. Batu ya ukoo batakuya, mama yako njo mbele, batabeba mpaka masafuria."

Kwa desturi ya watu wao mali ya mwanamume hufuata upande wa mama, na mrithi wa Mukuka alikuwa mtoto wa dada yake, yaani Bwembya huyuhuyu. Alilijua hilo tangu utotoni. Na kusema kweli aliitaka trekta ile. Aliitaka kwa uchungu wa mtu anayeamka kila siku kuendesha gari la mwenzake. Alikuwa amejifunzia usukani juu ya mapaja ya mzee huyu. Leo angesema tu kwamba pampu imeziba, na kabla ya mvua kuanza trekta ingekuwa yake bila mtu kumlaumu.

"Na usilete franga," Emilienne akasema. "Franga batazitafuta mpaka chini ya kitanda. Leta bitenge. Kitenge ni ya mwanamuke. Hakuna mwanaume mwenye atasimama kusema kikwembe ya bibi ya ndugu yake ni ya ukoo."

"Umesikia," Mukuka akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Trekta ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Ikakohoa tena. Kisha ikashika, na mlio ule wa zamani ukajaa uwanja mzima. Bwembya alipanda, akatia gia. Alikuwa hajausikia kwa muda mrefu kiasi kwamba alidhani ameusahau.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mlio huo ndio uliokuwa saa ya pwani. Mukuka alilima mashamba ya mihogo kule Mantapala, na aliporudi alishuka ziwani kuvuta mitumbwi mizito mchangani, kofia imeinamia jicho moja, watoto wamening'inia nyuma ya tela. Wanawake waliimba wakati kamba ikikaza, na mwenye chombo alitoa samaki aina ya makobo wa kuchoma hapohapo. Hakuna aliyelala njaa siku ambayo trekta imepita. Bwembya alikumbuka harufu yake, dizeli na samaki na tumbaku ya mjomba, na akawa anaendesha huku anatabasamu peke yake kama mlevi.

Hakuwaza kwamba wengine nao wana kumbukumbu. Wanawake waliokuwa wakitwanga mihogo waliacha michi. Wengine walitoka majikoni wakijifuta mikono. Pwani nzima ilijua kwamba Mukuka ni mgonjwa na kwamba trekta ililala siku aliyolala yeye, kwa hiyo pwani nzima ikapiga hesabu moja.

"Bamukuka amepona," mama mmoja akamwambia mwenzake. Na mwenzake akaenda kumwambia mwingine.

Ziwani alimkuta mzee Kasonde, mvuvi, akihangaika na mtumbwi mkubwa uliopakwa lami upya. Wanaume waliousukuma walikuwa wameketi mchangani wakihema.

"Njo eye amekutuma?" Kasonde akauliza, uso umemfunguka. "Ameamuka?"

Bwembya alikusudia kusema kweli. Lakini mzee alikuwa amevua kofia kwa furaha, na jibu la heshima likamtoka lenyewe. "Leo ameamuka muzuri, mukwai."

Ikabidi avute. Dizeli ilikuwa ya kupimwa kwa kijiko, lakini alifunga kamba, trekta ikainama, ikakwangua mchanga, na mtumbwi ukatoka. Wanawake waliimba ule wimbo. Kasonde alitundika makobo kwenye usukani, akasema atapita kumsalimia rafiki yake jioni. Na wengine wakasema nao watapita. Bwembya alishukuru, lakini moyoni alijua amefanya upuuzi.

Florent alimsubiri karibu na boti lake, kwenye kivuli cha magunia ya chumvi. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo. Kule kwao majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo aliitwa Florent upande huu tu, na alilitamka kila mara kwa raha, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Aliweka kiganja juu ya injini, akasikiliza.

"Bon," akasema. "Mashini iko muzima. Niko na moulin kule Kilwa, iko natafuta mashini kama hii. Ile ingine yote, magurudumu, vyuma, nitauzisha kwa kilo."

"Haitalima?"

"Itasaga unga, ndugu. Ni kazi pia."

Vijana wa Florent walikuwa tayari na spana. Ndipo akatokea Jairos, karani kutoka boma, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alizunguka trekta mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Serikali iko nasema matrekta yabaki kulima chakula," alisema. "Hii inaenda Zaire? Kibali iko wapi?"

"Imechakaa, ba Jairos," Bwembya akasema. "Tuliomba kipuri kwa ofisi yenu, hatukupata hata jibu."

"Hiyo ni ofisi ingine." Jairos akamtazama vizuri. "Bamukuka hajakufa. Nani murizi yake?"

"Ni mimi."

Jairos alicheka kwa kweli. "Sasa unajiiba weye mwenyewe? Rudisha nyumbani. Akikufa, kuya kwangu, nitakusaidia, itakuwa yako bila maneno. Dereva kama weye, na trekta yako. Fikiri."

Bwembya alifikiri. Alisimama pale na ufunguo mkononi, akaiangalia trekta, na aliipenda. Kisha akawaona watoto wa Emilienne akilini mwake, wamekaa juu ya mizigo kando ya ziwa, wakingoja boti la kuwarudisha kwa watu wasiowajua. Akamkabidhi Florent ufunguo, akapokea malipo, furushi la vitenge.

"Haya," Jairos akasema, sauti imeshuka. "Basi mi niko kwenye chakula, sijaona kitu." Lakini kabla ya kwenda kwenye hicho chakula alifungua furushi la vitenge, akachagua kwa vidole vya mtu anayejua bei, akatoa kimoja cha mke wake, kingine cha mama mkwe, halafu akarudi tena akachukua vile vya rangi ya dhahabu bila kutaja ni vya nani. Furushi lililobaki Bwembya alilibeba begani, na alipoanza kuondoka, nyuma yake gurudumu la kwanza lilikuwa linaanguka mchangani.

Njia ya kurudi aliitembea kwa miguu, na machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Uwanja wa Mukuka ulikuwa umejaa. Kasonde alikuwepo, wavuvi walikuwepo, samaki wamewekwa juu ya majani. Katikati, kwenye kiti cha mgongo, Mukuka aliketi amevaa koti na kofia yake, miguu imefunikwa blanketi. Emilienne alikuwa amemvika haraka aliposikia sauti za wageni barabarani. Mzee alikuwa anatabasamu, na jasho lilimtiririka shingoni. Pembeni yake alikaa dada yake Chabu, ambaye ndiye mama yake Bwembya, akiwa na kikapu cha nguo za kulalia.

Bwembya alipita nyuma ya nyumba, akampa Emilienne furushi dirishani, kisha akazunguka mbele.

"Trekta iko wapi?" mama yake akamnong'oneza.

"Nimeiacha kwa maji, Bamayo. Kuko mabwato mingi ya kuvuta."

Chabu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Baada ya muda Emilienne alitoka na maji ya wageni. Alikuwa amevaa vitenge vingi alivyoweza, kimoja juu ya kingine, na cha juu kabisa kilikuwa kile chake kilichochakaa.

"Mwangalieni," Chabu akasema kwa utani wa wifi. "Bwana amepona siku moja tu, na bibi amenenepa."

Watu walicheka. Mukuka naye alicheka, mpaka pumzi ikamkata na ikabidi ajifanye anakohoa.

"Kesho basi, Bamukuka," Kasonde akasema akiinuka. "Bwato ya mutoto wangu nayo iko nangoja."

Mukuka alishika mikono ya kiti. "Kesho," akasema. "Bwembya atakuya nayo. Asubui."

Kasonde akamgeukia Bwembya, na wote wakamgeukia.

"Asubui, mukwai," Bwembya akasema.

Chabu alichukua kikapu chake. Kama mambo ni haya, alisema, yeye anarudi kwake, hakuna haja ya kulala hapa kulinda vitu. Emilienne alimsindikiza wifi yake mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka, akitembea polepole kwa uzito wa nguo.