Mfungo wa Mdomo

Saa mbili asubuhi matusi yakaanza kuingia, kama kawaida. Thoa alikuwa anapiga pasi ukosi wa gauni la harusi, simu kailaza kifudifudi kwenye meza ya cherehani, nayo ikawa inatetemeka na kujisogeza mpaka ikagonga mkasi. Akaiacha. Waliomtukana walifuata saa za ofisi. Saa tano na nusu wangeenda kula, wangelala usingizi wa mchana kama wafanyakazi wote wa Hanoi, na saa saba na nusu wangerudi kumwita malaya, mwendawazimu na kibaraka wa mabeberu. Jumapili walipumzika.

"Kwaya imeanza?" aliuliza Bibi Nhan, mwenye nyumba, akiingia na ndoo ya maji ya sabuni.

"Imeanza, bibi."

"Na mlango wameupaka tena. Njoo tusugue kabla wateja hawajafika."

Safari hii ulikuwa uduvi uliovundishwa, umechanganywa na oili chafu ya pikipiki. Uduvi huohuo ukiwa kwenye kibakuli, na ndimu na pilipili, Thoa angeula kila siku ya Mungu; mlangoni ulinuka mzoga. Wakasugua. Na hao wateja walikuwa wapi? Tangu picha ya mlango huu isambazwe mtandaoni, jina la kichochoro chini yake, watu asiowajua walikuwa wakiagiza magauni na hawaji kuyachukua. Wale aliowajua walipita wakiambaa ukuta wa upande wa pili, macho mbele.

Yote haya ni kwa sababu ya mto. Thoa aliandika kwenye blogu yake kwamba mto wa kijijini kwao, ambako baba yake alifuga bata, ulikuwa unageuka zambarau kila kiwanda cha rangi kilipofungua bomba. Aliweka na picha. Hakumtukana mtu. Walisoma wengi, na juma lililofuata kwaya ikaja, na haijanyamaza tangu siku hiyo.

"Mwanangu," alisema Bibi Nhan bila kuinua macho kutoka mlangoni. "Wamenipigia tena. Wanasema nikiendelea kukuweka hapa, leseni ya kibanda changu cha supu itaangaliwa upya. Mwisho wa mwezi, tafadhali. Mimi si mtu mbaya."

"Najua, bibi."

"Usiseme najua kwa sauti hiyo. Utaniliza."

Bibi akakausha mikono, akaichukua simu na kuvaa miwani. Alipenda kuyasoma yeye mwenyewe, akikasirika kwa niaba ya Thoa, na kwa kweli alikuwa na kipaji cha kukasirika.

"Mbona yule mkali wako leo hayupo? Ngao Nyekundu."

Ngao Nyekundu ndiye pekee aliyeumiza. Wengine wote walinakili matusi yaleyale, mpaka na makosa yake. Huyu alijua kwamba utotoni Thoa aliitwa Panya. Alijua kwamba baba yake alikata roho akiuliza Thoa amefika wapi, na Thoa wakati huo yuko mjini, kakalishwa kwenye benchi akihojiwa juu ya blogu yake. Ngao Nyekundu aliandika kwamba mzee yule alikufa ili asimwone tena binti yake.

"Hata siku ya mwezi mwandamo hakuandika," Bibi aliendelea. "Nilimwona mimi. Ana adabu huyo! Mwandamo na mwezi mpevu anafunga mdomo. Wenzake wanaacha nyama tu, matusi wanayatafuna kama kawaida."

Thoa akaacha kusugua.

Nyumbani kwao ilikuwa sheria ya baba. Siku hizo mbili za mwezi hakuna nyama, sawa, nyumba nyingi zilifanya hivyo; lakini kwao hakuna pia kumsema mtu vibaya, hata mbwa aliyeiba samaki. Aliyeteleza alisimamishwa mbele ya madhabahu ya wazee waliotangulia mpaka udi uishe. Aliyesimamishwa mara nyingi kuliko Thoa alikuwa mmoja tu duniani, mdogo wake, Khiem. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho ilikuwa siku ya kuanua tanga la baba, miaka miwili kamili, siku ya kuvua vitambaa vyeupe vya msiba. Khiem alikuwa amempigia siku chache nyuma. "Dada, usije. Watu wa wilayani watakuwepo na kamera zao. Mama ataaibika." Thoa alikubali, halafu akalia mpaka akalowesha gauni la mtu. Alitamani kwao. Alitamani harufu ya majani ya mpunga yaliyolowa, kikohozi cha mama nyuma ya ukuta, kitanda cha karibu na dirisha. Alitamani hata kugombezwa. Baba yake alikufa bila yeye. Sasa na tanga lake lianuliwe bila mzaliwa wake wa kwanza?

Lakini leo ulikuwa mkesha, siku ya kumfungulia marehemu mlango kwa chakula kidogo cha watu wa nyumbani tu, bila wageni. Na leo, mwezi mpevu, mdomo ule ulikuwa umefunga.

"Bibi, nafunga duka."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Wakati bado kuna siku ya kwenda."

Alifika alasiri. Mama alikuwa amechuchumaa kisimani akiosha mboga. Akamtazama toka unyayo hadi utosi.

"Umekonda. Nani kakuambia uje?"

"Baba."

Mama akacheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka kilio, mikono yake yenye maji ikimlowesha Thoa mgongoni. Thoa akamwacha alie. Angeweza kusimama pale kisimani mpaka kesho.

Ndani, Khiem alikuwa anasugua chetezo cha shaba. Alikuwa karani wa utamaduni katika ofisi ya kata, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alipomwona dada yake akasimama.

"Dada."

"Ngao Nyekundu," alisema Thoa, polepole, mama asisikie.

Khiem hakukana. Alikaa tena.

"Umejuaje?"

"Umefunga vizuri. Baba angekusifu."

"Kila mtu pale ofisini kapewa majina yake ya bandia na watu wake wa kuwatukana. Nilikataa kupewa wewe. Mkuu akasema, ndiyo maana nakupa, kwa sababu unamjua. Mke wangu anajifungua mwezi ujao, dada. Ningefanyaje?"

"Hata Panya, Khiem? Ilibidi uwape hata Panya?"

"Walisema matusi yangu ni mepesi."

Thoa alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia, na hili lilimtia aibu, kukaa tu hapo karibu naye, wamenye vitunguu kama zamani.

"Kesho utaandika?"

"Lazima. Jirani ameshakuona, kwa hiyo wao wameshajua. Saa mbili wanataka waone nimeandika kwamba ulikuja." Akaitoa simu, akaitazama. "Na sijui niandike nini. Nimeishiwa."

Siku zote alikuwa hivyo. Insha zake zote za shule aliziandika Thoa, majira ya baridi, Khiem kakaa pembeni akimpulizia vidole vipate joto.

"Nisaidie," alisema Khiem, macho chini.

"Leo tumefunga."

"Kesho hutakuwepo. Lazima uondoke kabla kamera hazijafika."

Thoa akaitazama picha ya baba. Akaomba radhi moyoni.

"Andika: Mwanamke huyu hana kwao."

Kidole gumba cha Khiem kikagota hewani. "Hilo siwezi."

Thoa akaichukua simu. Akaliandika mwenyewe, akalisoma tena, akaweka nukta mwishoni, akamrudishia.

"Hilo si jepesi," alisema. "Hawatakusumbua."

Jikoni mama alikuwa anaita, tofu imeiva, waje wote wawili.