Naitrojeni ya Baba Mdogo

Hakuna sherehe pale Gungu iliyopita bila Melania kusimulia harusi yake: jinsi gari la Benedict, mumewe, lilivyopasuka tairi Bangwe, naye bibi harusi akafika kanisani amepakiwa kwenye baiskeli, shela limeliwa na cheni. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Benedict naye hucheka, ila kicheko cha mtu anayebanwa na kiatu.

Kwa hiyo alipoombwa kumpeleka kanisani Diana, binti wa marehemu kaka yake, alikimbiza gari lake, Noah, kwa mafundi wa matairi Mwanga, wakatoa upepo wote na kujaza naitrojeni. Akarudi na vifuniko vya kijani kwenye vali za matairi, akawaita majirani mmoja mmoja waje waone.

"Hii haipungui," alijigamba. "Sipimi tena, sijazi tena. Hata spea nimeiacha kwa fundi, ya nini?"

Hiyo ilikuwa kabla ya Kwaresima. Asubuhi ya harusi, Pasaka imeshapita, nyumba imefurika mashangazi na Diana yuko garini na shela lake, Melania akazunguka nyuma ya Noah.

"Mume wangu, njoo uione haipungui yako."

Tairi la kulia lilikuwa limelala kama chapati. Gasper, jirani yao wa bodaboda, akaja mbio na pampu ya mguu.

"Usiguse!" Benedict akaruka. "Ukichanganya na upepo wa kawaida utaniharibia gesi. Tutafute mwenye mashine."

"Nimeshampigia, Mzee," Gasper akajibu. " Yuko Kasulu msibani."

"Na padri ana ndoa nyingine baada ya yetu," akasema shangazi Skolastika. "Basi letini baiskeli, ukoo huu tumeizoea!"

Uani kukalipuka kicheko. Melania alikuwa ameshafungua mdomo aongezee, akamwona mumewe. Hacheki. Ameshika kifuniko cha kijani, anakigeuzageuza. Miaka yote hiyo kisa chake kilikuwa kitamu. Leo kilikuwa kichungu.

Diana, mwalimu wa kemia, akashusha kioo.

"Baba mdogo, huo upepo wa Gasper sehemu kubwa ni naitrojeni hiyohiyo. Ukichanganya hakiharibiki kitu."

"Kumbe wamenidanganya?"

"Si sana. Ile safi inavuja polepole zaidi kidogo. Ila tairi usipolipima linalegea, utie chochote."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu. Lakini mimi nimeona ulivyonihangaikia, baba. Asante."

Benedict akavua koti, akakanyaga pampu. Alipohema, Skolastika akatupa viatu, akaingia yeye. Kisha akaingia huyu, akaingia yule, wengine wakipiga vigelegele kila pampu ikishuka. Tairi lilipoinuka, Melania akapiga goti na kitenge chake kipya, akarudishia kifuniko cha kijani.

"Wakwe zetu wa Ujiji wasijue," akanong'ona.

"Wewe? Ukae na neno?" Benedict akamuuliza, na sasa akacheka kweli.

Walifika padri akiwa ndiyo kwanza anavaa. Jioni ukumbini, mshereheshaji akamwita Melania: "Mama, tupe kile cha baiskeli!"

Melania akapokea maiki. Akamtafuta mumewe kwa macho, akamwona ameinamia sahani.

"Kile kimezeeka," akasema. "Leo nina cha mwanaume aliyemfikisha binti yake."

Benedict akainua kichwa. Kuhusu pampu Melania hakutamka neno. Alijikaza mpaka Jumatatu, sokoni, ndipo kikamtoka.