Turubai Juu ya Bwawa

Kajetani alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuna aliyewahi kumwita mtu mbaya. Nyumba yake mpya ya Ruhuwiko ilipokwisha, fundi alimwachia bwawa upande wa chini. Maji ya bati na ya ua uliosakafiwa yangeingia humo, yatulie, kisha yatoke polepole kwa bomba dogo. La sivyo yangeteremka yote kwa mama Walburga, mjane aliyekaa bondeni katika nyumba ya matofali mabichi.

Bwawa likajaa vyura, na siku ya padri kuja kubariki nyumba ikakaribia. Yeye, mwenyekiti mzima wa jumuiya, awaoneshe wageni dimbwi la tope? Na turubai la wageni likae wapi? Akaita tipa la kifusi, bwawa likafukiwa na kushindiliwa. Alijiambia atalichimbua sherehe ikipita, mvua zenyewe bado.

Mvua haikungoja kadi ya mwaliko. Padri alikuwa hajamaliza kunyunyiza maji ya baraka sebuleni, ikashuka ya kufa mtu. Maji yakapita chini ya viti vya wageni na kushika njia ya bondeni. Punde ukasikika mshindo. Mama Walburga, aliyekuwa uani akisonga ugali wa sherehe na wanawake wenzake, alitupa mwiko akakimbia.

Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelala juu ya kitanda.

Wakamrudisha juu, nguo zinachuruzika, wakamkalisha mbele, chini ya turubai.

"Mwenyekiti, tupe neno la faraja," padri alisema.

Kajetani akasimama, aibu imemshika hadi masikio yanawaka. Angesema ni mapenzi ya Mungu, nao wangeitikia amina, mambo yakaisha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Utusamehe, mwenyekiti," Walburga akamtangulia. "Sherehe yako nimekuharibia."

Hapo Kajetani akaishiwa ujanja.

"Mama, ni mimi. Hapa mlipoketi palikuwa na bwawa la kuzuia maji yasije kwako. Nimelifukia ili turubai lipate nafasi."

Padri aliinamisha kichwa. Walburga alimtazama Kajetani bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Wakati unafukia, baba, nyumba yangu ulikuwa unaiona?"

"Nilikuwa naiona, mama."